Gofu: glovu inachanika kiganjani, mpira unapinda kulia na navutwa mbele. Tatizo ni swingi au mshiko?

Chuma7_Nzuguni

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa gofu, hasa wanaofundisha.

Napiga kwa mkono wa kulia. Mazoezi nafanyia hapa Dodoma kwenye eneo la wazi, udongo mgumu na nyasi zimeshakauka. Fimbo ni seti ya mtumba, na kwa sasa natumia zaidi aironi 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati). Shida ni tatu na zinakuja pamoja.

Kwanza, mpira unaondoka vizuri halafu unapinda kulia. Nikilenga kushoto ili kufidia, unapinda zaidi. Pili, glovu inachanika sehemu ileile kila mara, kwenye mnofu wa kiganja chini ya kidole kidogo, na hapohapo ndipo yanapotoka malengelenge. Tatu, nikishapiga navutwa mbele, mara nyingi nalazimika kupiga hatua kuelekea pale mpira ulipokuwa.

Je, haya ni matatizo ya swingi, yaani mzungusho wa fimbo, au yanaanzia kwenye mshiko na namna ninavyosimama? Na mazoezi gani yanafaa kufanyia nyumbani? Uwanjani nafika mwisho wa wiki tu, na kocha wa karibu sina.

MshikoKwanza

Mkuu, yote matatu yanaanza kabla fimbo haijanyanyuka. Glovu yako imeshakupa jibu. Inapochanika chini ya kidole kidogo, maana yake gripu (mpini wa raba wa fimbo) imelala kiganjani badala ya kulala kwenye vidole. Kila ukipiga, gripu inateleza kidogo na kusaga pale. Fimbo ikiwa kiganjani, kifundo cha mkono hakikunjiki vizuri, na uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa bado wazi, yaani unatazama kulia. Ukilenga kushoto, fimbo inapita ikitoka nje (mbali na mwili) kuja ndani huku uso umeachwa wazi kwa njia hiyo, ndiyo maana mpinde unazidi. Kwa hiyo kulenga kushoto kuache leo.

Anza na mkono wa kushoto peke yake. Shika shafti (mti wa fimbo) kwa mkono wa kulia, chini kidogo ya gripu, na uinyanyue fimbo mbele yako mpaka ilale sawa usawa wa kiuno. Ukingo wa chini wa uso wa fimbo uwe wima kabisa. Usijenge mshiko fimbo ikiwa chini, hasa kwenye udongo wenye mabonde kama wa kwetu, kwa sababu ardhi inaugeuza uso bila wewe kugundua.

Sasa leta mkono wa kushoto kutoka pembeni ulipokuwa unaning'inia, bila kuupindua. Gripu ipite kwa mshazari: ianzie kwenye shina la kidole kidogo, pale kidole kinapoungana na kiganja, iishie kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada. Acha kama sentimita moja hadi moja na nusu ya gripu ionekane juu ya mkono. Ukishika mpaka mwisho kabisa, kitako cha gripu kinachimba kiganja, na hiyo ni sababu nyingine ya glovu kuchanika palepale. Kunja vidole kwanza. Vikishakunjwa, ule mnofu wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo uje ukae JUU ya gripu. Kidole gumba kikae kulia kidogo ya katikati ya gripu, na usikinyooshe sana. Gumba likinyooshwa mpaka mwisho linaisukuma fimbo irudi kiganjani.

Kuna jaribio ambalo halidanganyi. Achia vidole vyote vya mkono wa kushoto isipokuwa cha shahada kilichokunjwa, mnofu wa kiganja ukiwa bado juu ya gripu. Fimbo inatakiwa ibaki hewani, imeshikiliwa na vitu hivyo viwili tu. Ikianguka au ikayumba, bado iko kiganjani. Rudia.

Ukitazama chini mkono ukiwa mbele yako, uone vifundo viwili vya vidole, cha shahada na cha kati, pengine na mwanzo wa cha tatu. Ukiona kimoja tu, mkono umegeukia sana kushoto na uso utafika wazi. Ukiona vinne, umegeukia sana kulia.

Mkono wa kulia unashikia kwa vidole viwili vya kati, gripu ikipita kwenye pingili zake za kati. Halafu funga kiganja ili shimo lake lifunike gumba la kushoto. Gumba la kulia likae kushoto kidogo ya katikati, na kidole cha shahada kitengane kidogo na cha kati. Ile herufi V inayojitokeza kati ya gumba na shahada, kwa mikono yote miwili, ielekee kati ya sikio la kulia na bega la kulia.

Kidole kidogo cha kulia unaweza kukiweka juu, kwenye bonde lililo kati ya shahada na cha kati vya mkono wa kushoto. Huo ndio mshiko uliopata umaarufu kupitia Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda The Open, shindano kubwa la gofu la Uingereza, mara 6 kati ya 1896 na 1914. Au ukifungamanishe na kidole cha shahada cha kushoto, kama wanavyofanya mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods. Wenye mikono midogo au vidole vifupi wengi huona wa kufungamanisha unatulia zaidi, ila wana kosa moja: kuingiza vidole mpaka kwenye mashina, na hapo fimbo inarudi kiganjani. Watoto na wenye maumivu ya viungo waanze na vidole kumi vyote kwenye gripu. Hakuna ubaya wowote, mradi mikono igusane bila kuacha nafasi.

Nguvu ya kushika: kwa kipimo cha 1 hadi 10, kaa kwenye 4 au 5. Nguvu hiyo itoke kwenye vidole vitatu vya mwisho vya kushoto na viwili vya kati vya kulia. Gumba na shahada za mikono yote miwili zisibane. Zikibana, misuli ya mkono inakakamaa mpaka begani na usawa wote wa mwili unaharibika.

Fundi_Gripu

Naongezea kwenye kifaa chenyewe, kwa sababu umesema seti ni ya mtumba. Kabla hujajilaumu, kagua gripu. Raba ikizeeka inakuwa ngumu na inang'aa. Mtu akishika raba ya namna hiyo, mkono wenyewe unaongeza nguvu bila kuambiwa, na ule ushauri wa 4 kwa 10 hautekelezeki. Pitisha ukucha: kama hauachi hata alama na raba inateleza, gripu imekufa.

Kama bado ina uhai, ioshe. Vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho linaziba vijistari vya gripu. Chukua maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na brashi laini ya kucha au ya meno. Sugua, suuza kwa kitambaa chenye maji, halafu futa. Usiitumbukize fimbo kwenye ndoo. Kwenye kitako cha gripu kuna tundu dogo, maji yakiingia humo yanatuama ndani ya shafti na chuma kinashika kutu. Anika kivulini.

Na tafadhali usiache fimbo kwenye buti la gari mchana kutwa. Joto la humo kipindi cha Oktoba na Novemba linakausha raba, na lile gundi linaloshikilia kichwa cha fimbo linaweza kulegea. Kichwa kikichomoka katikati ya swingi kinaumiza mtu.

Unene nao upime. Shika gripu kwa mkono wa kushoto, ukiwa umevaa glovu. Ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo ule mnofu wa shina la gumba. Zikichimba, gripu ni nyembamba kwako. Ikibaki nafasi, ni nene. Gripu nene mara nyingi inazuia mikono kugeuka, na mtu ambaye mpira wake unapinda kulia haihitaji. Kwenye seti za mtumba utakuta moja imefungwa tepu nyingi chini ya raba na nyingine haina, kwa hiyo pima kila fimbo peke yake.

Jambo la mwisho: angalia kama gripu ina mchirizi ulioinuka kwa chini, unaosikika vidoleni. Huo huwekwa ili vidole vijue mahali pao. Gripu ikifungwa vibaya, mchirizi unakuwa pembeni na unakufundisha mshiko uliopinda kila siku. Simamisha uso wa fimbo wima kisha tazama mchirizi uko wapi. Kama haupo nyuma kabisa, yaani upande wa chini, badilisha gripu au uipuuze alama hiyo kabisa.

Dada_Mizani

Hilo la kuvutwa mbele halitaisha kwa mshiko peke yake, kaka. Kichwa cha aironi 7 kina takriban gramu 270, na kinapozunguka kwa kasi kinauvuta mwili kuelekea nje, upande wa mpira. Ukianza uzito ukiwa kwenye vidole vya miguu, huna pa kuupokelea mvuto huo. Unaanguka mbele. Mwendo huohuo ukizidi, mpira unagongwa na shingo ya fimbo na kuruka kulia ghafla, wachezaji wanaita shanki. Kama umeshaanza kuona mipira ya namna hiyo, usishangae.

Mpangilio wa kusimama ni huu, na fuata utaratibu wake kama ulivyo kwa sababu kila hatua inaitegemea iliyotangulia.

Simama wima, miguu pamoja, mpira mbele yako. Weka uso wa fimbo nyuma ya mpira kwanza, ukitazama lengo, ndipo miguu ifuate. Wengi huanza na miguu halafu wanalazimisha fimbo. Tanua miguu mpaka katikati ya nyayo iwe chini ya mabega. Kwa draiva (fimbo ndefu ya mapigo ya mbali) tanua zaidi kidogo, visigino vifike chini ya ukingo wa nje wa mabega. Mguu wa kushoto ufungue kwa nje kama nyuzi 20, wa kulia ukae karibu na mnyoofu.

Sasa inama kwa nyonga, si kwa kiuno. Chukua fimbo nyingine, ilaze kwenye mkunjo pale paja linapokutana na tumbo, isukume nyuma mpaka makalio yaende nyuma na kifua kishuke. Mgongo ubaki umenyooka. Magoti yalegee kidogo TU, baada ya kuinama, wala si kabla. Anayekunja magoti kwanza anakuwa kama amekaa, uzito unahamia visiginoni, kisha mwili unajinyanyua wakati wa kupiga.

Mikono ining'inie chini ya mabega. Kwa aironi 7, kati ya kitako cha gripu na paja pabaki nafasi ya ngumi moja au zaidi kidogo, sentimita 10 hadi 15. Draiva inaongeza kidogo. Kipimo ninachokiamini kuliko rula ni hiki: ukiwa umesimama tayari, achia mkono wa kulia ulegee kabisa, kisha urudishe bila kuusogeza. Ukirudi moja kwa moja kwenye gripu, uko sawa. Ukining'inia karibu na paja kuliko gripu ilipo, unaufuata mpira mbali, na hilo nahisi ndilo lako. Ukipita mbele ya gripu, umeusogelea sana.

Uzito uwe chini ya kamba za viatu, nusu kushoto na nusu kulia kwa aironi. Kwa draiva, kulia kunaweza kuchukua kama asilimia 55 hadi 60, na uti wa mgongo uegemee kulia kidogo. Kukagua: nyanyua vidole vya miguu ndani ya viatu, kisha vishushe na unyanyue visigino kidogo. Vyote viwili viwezekane bila kuyumba. Mwombe mtu akusukume taratibu kwa vidole viwili kifuani, halafu mgongoni. Kama msukumo mdogo unakuhamisha, mizani haipo.

Kuhusu mpira kukaa wapi: weji (fimbo fupi ya kupandisha mpira juu) katikati ya miguu, aironi 7 mpira mmoja mbele ya katikati kuelekea kushoto, aironi 5 mipira miwili, draiva usawa wa ndani ya kisigino cha kushoto. Pima kwa visigino. Ukipima kwa ncha za viatu, mguu wa kushoto uliofunguka unakudanganya na mpira unaonekana uko nyuma kuliko ulipo kweli. Hapo ndipo watu wanausogeza mbele bila kujua, na mpira ukiwa mbele mno mabega yanafunguka kuufuata. Mabega yaliyofunguka yanaileta fimbo kutoka nje. Kwa hiyo hata mpinde wako wa kulia unaweza kuwa na mzizi hapa, sambamba na mshiko.

Kilimani_Par4

Mimi naona mnamzungusha sana. Dawa ya mpira unaopinda kulia ni moja: geuza mikono yote miwili kulia, aone vifundo vitatu au vinne mkono wa kushoto. Uso utafunga na mpira utanyooka. Wachezaji wakubwa wengi wanashika hivyo.

MshikoKwanza

Mkuu Kilimani, kwa mtu ambaye mabega yake yako sawa, kuongeza kifundo kimoja kunasaidia na nitakuunga mkono. Kwa huyu bado. Mwelekeo wa mpira unapoondoka unaamuliwa zaidi na uso wa fimbo, kama robo tatu ya kazi kwa aironi. Mpinde unatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Yeye kwa sasa analenga kushoto, mabega yamefunguka, fimbo inatoka nje. Ukimfungia uso kwa mshiko wa vifundo vinne, mpira utaanza kushoto na kubaki kushoto, au kupinda kushoto zaidi chini chini. Ataogopa, ataanza kuzuia mikono isigeuke, na atakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Vifundo viwili hadi viwili na nusu, fimbo kwenye vidole, mabega sambamba na lengo. Apige hivyo mpaka glovu iache kuchakaa pale chini ya kidole kidogo. Kama mpinde wa kulia utabaki, basi aongeze nusu kifundo, ageuze mkono mzima na si gumba peke yake. Kugeuza gumba tu hakubadilishi chochote kwenye uso.

Chuma7_Nzuguni

Shukrani sana wakuu, na dada yangu Mizani pia. Nimefanya majaribio hayo ndani. Jaribio la kidole cha shahada na mnofu: fimbo inaanguka. Vifundo naona kimoja. Mkono wa kulia nikiuachia unarudi karibu na paja, mbali kabisa na gripu. Gripu zimeng'aa lakini ukucha bado unaacha alama, nitaziosha.

Ila nikiweka fimbo kwenye vidole kama mlivyosema, nahisi itanitoka. Nikibana ndiyo natulia. Je, nizoee tu? Na mazoezi ya nyumbani nigawanye vipi? Sebule ni ndogo, siwezi kuzungusha fimbo nzima.

MshikoKwanza

Hisia ya kutoka itakuwepo, ni ya kawaida kwa mshiko mpya. Wapo watakaokwambia ushike kwa wepesi kabisa, 2 au 1. Usiwafuate. Ukishika kilegevu, gripu inajigeuza vidoleni fimbo ikiwa juu, unaikamata upya ikishuka, na uso hauko tena ulikouweka. Jambo la msingi ni nguvu kutobadilika kutoka mwanzo mpaka mwisho wa pigo. Kuijua 4 yako: shika fimbo ikiwa imesimama wima mbele yako, itakuwa nyepesi. Ilaze polepole mpaka iwe mlalo. Nguvu utakayoongeza ili isianguke, bila mshipa wa mkono kukaza, ndiyo hiyo.

Nyumbani huhitaji kuzungusha. Kila jioni jenga mshiko kutoka sifuri mara 20, na kila mara achia fimbo KABISA, iegemeze ukutani, anza tena. Mtu anayeshika mara moja kisha akakaa na fimbo robo saa akiangalia taarifa ya habari hajifunzi kushika, anajifunza kuendelea kushika. Kumi za kwanza kwa kutazama. Tano zinazofuata funga macho, fungua, kagua vifundo na V. Tano za mwisho ongeza kukunja vifundo vya mkono juu na chini bila kusogeza mabega. Kama kichwa cha fimbo kinapanda kwa urahisi, gripu iko vidoleni. Kikiwa kizito na kinagoma, imerudi kiganjani.

Vaa glovu unapofanya haya. Mshiko wa mkono mtupu na wa mkono wenye glovu si mmoja.

Dada_Mizani

Baada ya mshiko, simama mbele ya kioo mara 10, tano ukikitazama uso kwa uso na tano ukiwa umekipa ubavu wa kulia. Uso kwa uso: bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu mkono wa kulia umeshika chini. Likiwa sawa na la kushoto au juu yake, jua mabega yamefunguka. Ubavuni: mikono iwe chini ya mabega na magoti yasipite mbele ya vidole vya miguu. Kila mkao ukae sekunde 10 macho yamefungwa. Mwili ukiyumba mbele au nyuma utakwambia uzito uko wapi, vizuri kuliko kioo.

Uwanjani, kwa sasa piga nusu swingi, fimbo isipite usawa wa kifua. Mipira 10 ya kwanza miguu pamoja kabisa, visigino vikigusana. Hutaweza kupiga kwa nguvu ukabaki umesimama, na hicho ndicho kinachofundishwa. Kisha 20 kwa miguu iliyotanuliwa, kila moja ukimaliza kaa kwenye mkao wa mwisho sekunde tatu: tumbo limetazama lengo, uzito umehamia kisigino cha kushoto, mguu wa kulia umesimama kwa ncha. Pigo ambalo hukuweza kukaa sekunde tatu usilihesabu, hata kama mpira umenyooka. Mipira 30 iliyopigwa hivyo inatosha kwa siku.

Kingine, udongo wa huku wakati wa kiangazi ni mgumu sana kwa aironi. Fimbo inadunda kabla ya mpira, kifundo na kiwiko vinapokea mshtuko, na mwili unaanza kujinyanyua ili kukwepa ardhi. Ukikwepa ardhi, mizani yote imeondoka. Tafuta kipande cha zulia la nyasi bandia, chini yake weka mkeka mnene au tabaka mbili za zulia kuukuu. Simama nawe kwenye tabaka la unene uleule. Ukisimama kwenye udongo na mpira ukawa juu ya zulia, unajizoeza mpira ulio juu ya miguu yako, na huo ni mkao tofauti.

Upepo pia. Miezi ya Julai na Agosti ukishaamka hautulii mpaka jioni, kwa hiyo piga asubuhi mapema. Ikishindikana, simama pigo lielekee upepo au uupe mgongo. Upepo wa kutoka kushoto utaukuza mpinde wa kulia na utadhani mshiko haujafanya kazi.

Reli_ya_Kati

Mwelekeo umeguswa haraka, naongeza. Nunua bomba jembamba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kata vipande viwili vya kama mita 1.2. Kimoja kilaze nje ya mpira kikielekea lengo, kingine mbele ya vidole vya miguu, sambamba. Ni kama reli: mpira unapita kwenye chuma cha kulia, nyayo ziko kwenye cha kushoto. Nyayo zako kwa hiyo hazilengi kule mpira unakokwenda, zinaelekea kushoto kidogo ya hapo. Magoti, nyonga na mabega vyote vifuate chuma cha kushoto. Mabega ndiyo yanayosahaulika, laza fimbo kifuani uone inaelekea wapi.

Siku utakapokwenda kucheza, iwe Morogoro Gymkhana, Lugalo au kwingine, vipande hivyo vibaki kwenye begi. Kanuni ya 10.2b hairuhusu kusimama kwa kutumia kitu kilichowekwa chini ili kukuonyesha mwelekeo. Ukishasimama umeshakosea hata ukikiondoa kabla ya kupiga: mapigo mawili kwenye mchezo wa kuhesabu mapigo, au unapoteza shimo kwenye mchezo wa kushindana shimo kwa shimo. Badala yake, ukiwa nyuma ya mpira chagua jani au kijiwe ambacho tayari kipo kwenye mstari, kama mita moja mbele, na uso wa fimbo utazame hicho. Kedi, yaani mbeba fimbo wako, naye asisimame nyuma yako kwenye mstari wa pigo unapoanza kujipanga.

Zile gripu za mazoezi zenye mabonde ya vidole nazo haziruhusiwi kwenye mashindano. Kwa nyumbani zinafaa.

Chuma7_Nzuguni

Nimeelewa. Swali la mwisho: nikijirekodi kwa simu, niiweke wapi? Video zangu za zamani kila moja inaonyesha kitu tofauti.

Dada_Mizani

Ni kwa sababu simu ilihamahama. Iweke kwenye stendi au juu ya matofali, usawa wa mikono yako ukiwa umesimama tayari, umbali wa mita tatu hivi. Picha ya kwanza iwe kutoka nyuma yako upande wa kulia, kamera ikielekea lengo, kwenye mstari unaopita mikononi, si miguuni na si kwenye mpira. Ikiwa nyuma ya miguu au nyuma ya mpira, mwelekeo wako unaonekana tofauti na ulivyo. Ya pili iwe mbele ya kifua, kamera ikitazama kitovu. Weka alama ya chokaa chini pale stendi inaposimama na pale mpira unapokaa, ili wiki ijayo ulinganishe vitu vinavyolingana.

Usirekodi swingi nzima kwa sasa. Rekodi sekunde tano za kusimama tayari na zile tatu za mkao wa mwisho, kisha weka picha hapa tuone kitako cha gripu kiko umbali gani na paja.